Tumbo la Kipngetich

Ijulikane kwa raia wote wa Mogogosiek na viunga vyake kwamba asubuhi hiyo kesi ilikabidhiwa mpelelezi shupavu asiyeogopa cheo wala sura ya mtu. Mpelelezi mwenyewe, Nelvine wa kidato cha tatu, alikuwa amevaa gambuti za mpira za mamake, na hakuna aliyemkabidhi chochote.

Kaka yake, Kipngetich, alipatikana nyuma ya zizi la ng'ombe akitapika kijani, tumbo limevimba na kukaza kama ngoma.

"Amelishwa sumu!" Mama alipiga kamsa. Wachuma chai wakaacha vikapu, wakaja mbio.

Nelvine alihoji. Nani alimlisha jana? Wambugu wa duka: soda na keki. Nani aligombana naye? Wambugu tena, kwa sababu Kipngetich, tangu augue akili, huingia dukani kuhutubia wateja. Ilitosha. Kufikia saa tatu, kwenye baraza la hospitali, vijana walikuwa wamemkaba Wambugu ukosi, ingawa pikapu iliyomleta mgonjwa ilikuwa yake.

"Mama Kip, nimuue halafu nimlete hospitali na petroli yangu?"

"Ujanja wa muuaji huo," Nelvine alisema. "Sema uliweka nini kwa soda!"

Daktari Apiyo alitoka wodini. "Mwachilieni. Mama, mara ya mwisho kijana alienda choo lini?"

Mama aliona haya. "Wiki imeisha, daktari."

"Basi si soda ya jana. Dawa yake ya akili huzubaisha utumbo, hata akimeza sawasawa. Ikizidi, utumbo unasimama kabisa. Unampa vidonge vingapi?"

"Kimoja, asubuhi. Naficha kwa mursik, maziwa yetu ya mgando, kwa sababu vidonge anatema."

"Kopo la vidonge liko wapi?"

Mama alilifungua kutoka kwenye leso. Lilikuwa tupu, na mwezi haujafika nusu.

Vijana walimwachilia Wambugu, wakamgeukia Mama.

"Nikijua ni dawa, sitampasua," daktari alisema. "Nikikisia vibaya, tutamzika. Nani mwingine humpa mursik?"

Nelvine aliinama kukung'uta tope kwenye gambuti.

"Na wewe mpelelezi, mbona umenyamaza ghafla?" Wambugu aliuliza.

Nelvine alitafuta mshukiwa mwingine kwenye baraza lote. Hakumpata.

"Ya jioni ni mimi," alisema. "Tangu tufunge shule. Viwili. Juzi vitatu."

"Vitatu!" Daktari alikuwa tayari anakimbilia wodini.

"Anaimba usiku kucha, Mama, na mimi nasomea mtihani." Machozi yalimtoka mbele ya Wambugu. "Sikujua vinafunga tumbo. Nilitaka tu anyamaze."