Betri Zilizokataliwa

Kila mwaka Krismasi ikikaribia, Anastasia alifunga mzigo wa kwao Bukoba. Alikuwa akiishi Stratford, London, na mumewe Evodius. Lakini kwao ni kwao, na ndugu hawaachi kuomba. Safari hii walitaka simu za zamani.

Shamir, wakala wa mizigo, alikuwa na sharti moja.

"Dada, simu nachukua. Betri sichukui. Ndege hairuhusu."

Basi Anastasia akazitoa betri zote. Akaziweka kando pamoja na pawabenki moja iliyovimba, ile betri ya kuchajia simu. Kuzichanganya na maganda ya ndizi aliona ni kupoteza mali. Akazitia kwenye pipa la recycling, la taka za kutengenezwa upya, chini ya chupa na makopo.

"Zina chuma," alijiambia. "Wenyewe watajua pa kuzipeleka."

Wenyewe hao mmojawao alikuwa mumewe. Evodius alichambua taka kiwandani. Ila aliona aibu, na nyumbani alisema tu "nakwenda kiwandani." Anastasia naye hakuuliza. Heshima nyingine ni hasara tupu.

Siku mbili baadaye simu ililia. Alikuwa Hamad, Mzanzibari, msimamizi wa zamu ya Evodius.

"Shemeji, usishtuke. Kumetokea moto kazini. Evodius yu hai, lakini kavuta moshi mwingi. Njoo hospitali."

Anastasia alimkuta mumewe amefunikwa barakoa ya hewa, mkono umefungwa bendeji. Hakuweza kusema. Macho yake yalikuwa mekundu. Anastasia aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa maishani.

Nje ya wodi akamuuliza Hamad, "Moto umetoka wapi?"

"Betri, shemeji. Mtu katupa betri ndani ya recycling."

"Kwani mashine zenu haziioni?"

"Zinaona mengi. Sumaku inavuta makopo. Kuna mwanga unaotambua kila aina ya plastiki, halafu upepo unaipuliza upande wake. Lakini betri hujificha chini ya taka. Gari la taka likishindilia mzigo, betri inapasuka. Inapata joto ndani kwa ndani. Ikifika kwenye mkanda unaopitisha taka mbele yetu, katikati ya makaratasi, moto unawaka."

Anastasia akauliza, "Zipelekwe wapi basi?"

"Supamaketi nyingi zina sanduku lake karibu na mlango. Ziba ncha zake kwa selotepu kwanza. Iliyovimba usiitoboe wala kuibana. Iweke mbali na vitu vya kuungua, uwapigie watu wa taka wa mtaa wakuelekeze. Kuna viwanda maalumu vinavyozisaga kwa usalama. Wanatoa shaba, kobalti na lithiamu, na betri mpya zinatengenezwa."

"Hamad, mimi nimezitupa. Wiki hii hii."

Hamad akasema, "Magari mengi huingia pale. Hakuna atakayejua ilikuwa ya nani."

"Mimi sitapata usingizi," alisema Anastasia, akalia.

Evodius alipotolewa barakoa, mkewe alimweleza yote. Hakuficha kitu. Evodius alimsikiliza hadi mwisho.

"Mama Jacqueline," alisema kwa sauti ya kukwaruza, "ningekueleza kazi yangu, ungejua. Nilificha kwa aibu."

Evodius alipona, akarudi kazini. Jioni sasa walizungumza habari za mkanda, na za mikono ya watu iliyo juu yake. Anastasia alimwomba Shamir aweke ndoo ya kukusanyia betri dukani kwake. Shamir alikubali, na kila ndoo ikijaa Anastasia alizipeleka betri supamaketi.

Mwaka uliofuata, siku ya kufunga mizigo, duka lilijaa watu. Noëlla, mama wa Kikongo, alikuwa akitoa betri kwenye simu zake. Akazikusanya kiganjani.

"Hizi nitatupa tu mu pipa ya recycling," alisema.

Anastasia alimshika mkono. Watu waligeuka.

"Usitupe, dada. Mume wangu anachambua taka. Taka zako na zangu zinapita mbele yake, na moto ulikaribia kumuua."

Ilikuwa mara yake ya kwanza kuisema kazi ya mumewe mbele za watu. Noëlla alimtazama usoni, akaomba selotepu.