Wake Watatu wa Dalali Haidar

Jumanne, tarehe 17 Novemba 1998, saa nne na dakika kumi asubuhi. Mama Liang, mwenye nyumba, alikuwa amesimama nyuma ya mlango wa fito nene za mbao zilizolazwa, ule mlango wa kusukuma pembeni ambao nyumba za kale za magharibi ya Guangzhou hufungwa nao mchana ili upepo uingie na mgeni asiingie. Alimtazama Swalha, akamtazama Haidar, kisha akainua vidole vinne.

"Anasema nini?" Swalha aliuliza.

"Anasema vyumba ni vinne," alijibu Haidar.

Mama Liang alisema tena, safari hii kwa kirefu.

"Nimesikia laopo," alisema Swalha. "Mwaka wa pili huu nanunua mikoba sokoni Shiling. Kila muuzaji asiyetaka kupunguza bei anamsingizia laopo wake. Laopo ni mke. Mke wa nne ni nani?"

Haidar alitazama juu. "Ile boriti unaiona? Ina miaka themanini na haijaliwa na..."

"Haidar."

"Ni wewe."

"Na yeye anasemaje?"

"Anasema nne ni namba ya nuksi, hawezi kupangisha. Ungekuwa wa tano angefikiria."

Ami Mwadini, ndugu wa marehemu baba yake Swalha, alikuwa ameinama anavua viatu ili aingie. Alianza kuvivaa tena.

Haidar alikuwa na umri wa miaka thelathini na moja. Alitoka Unguja kwa ufadhili wa masomo, akasomea usanifu wa majengo Guangzhou, akahitimu mwaka 1995, akabaki kuwa dalali wa nyumba kwa wafanyabiashara wa Kitanzania. Jumapili iliyopita alikuwa amemposa Swalha, naye alikubali. Walii wake alikuwa Ami Mwadini, na tiketi ya Ami kurudi nyumbani ilikuwa ya Jumamosi. Ndoa ingefungwa Ijumaa, au isingefungwa.

Barabarani, Ami alimtaka maelezo.

"Wenye nyumba wa huku hawampendi mwanamke anayekaa peke yake," alisema Haidar. "Nikisema ni mke wangu, mlango unafunguka siku hiyohiyo. Nimesema mara tatu tu, Ami. Wateja wangu wale. Sikujua kwamba wenye nyumba hao wanacheza majong, ule mchezo wa vigae, meza moja, na huyu Mama Liang ndiye wa nne wao."

"Kosa unaloliona wewe ni majong?" Ami aliuliza.

Swalha alisimamisha teksi, akapanda na ami yake, wakarudi hotelini Xiaobei.

Saa tisa alasiri mashine ya faksi ya mapokezi ilitoa karatasi:

"SWALHA. HAKUNA HATA MMOJA NILIYEMGUSA. NIPE NAFASI NIKUTHIBITISHIE. NYUMBA ILE INA UA WA NDANI UNAOINGIZA MWANGA MPAKA JIKONI. HAIDAR."

Mfanyabiashara wa Bukavu aliyekuwa akisubiri faksi yake ndiye aliyeisoma wa kwanza. Alimkabidhi Swalha kwa heshima.

"Dada, mie ningemusikiliza," alisema. "Ua wa ndani si kitu kidogo."

Swalha alipanda chumbani na kupiga simu.

"Kesho saa tatu utatupeleka kwa wake zako. Mmoja mmoja."

"Kufanya nini?"

"Kukagua."

Ilikuwa kauli ya kawaida kwake. Huko Shiling hakuna katoni yake iliyofungwa kabla hajavuta kila zipu mara mbili, kwenda na kurudi.

Jumatano walianza kwa Melania, mfanyabiashara wa nguo kutoka Songea. Nyumba yake ilikuwa ya matofali ya kijivu, nyembamba kwa mbele na ndefu kwenda nyuma. Melania alisukuma fito, na mlango ukalia kwa sauti ya kukwaruza iliyofika mwisho wa kichochoro.

"Mume wangu," alisema Melania, "leo umekuja na ukoo."

Ami Mwadini hakucheka.

"Dada Melania," alisema Swalha, "nitakuuliza baadaye. Kwanza jirani." Alimgeukia bibi wa mlango wa pili, aliyekuwa akichambua mboga kizingitini. "Haidar, muulize mume wa Melania hulala hapa siku ngapi kwa wiki."

Haidar aliuliza. Bibi aliweka mboga chini, akasema kwa muda mrefu, akimwonyesha kwa kisu.

"Anasema mume ana shughuli nyingi," Haidar alitafsiri.

"Hakusema hivyo," alisema Melania, ambaye kwa miaka miwili alikuwa amejifunza lugha ya kichochoro kile. "Amesema mume huyu hafai. Hajawahi kuleta hata fungu la mchicha. Anakuja mara moja kwa mwezi, anaangalia bomba, anaondoka. Mtungi wa gesi mkewe anaubeba peke yake. Nilipougua homa, uji nililetewa na yeye bibi."

"Usiku je?"

Bibi alijibu, na Melania akatafsiri: "Anasema mlango huu hausukumwi bila mtaa kusikia, na yeye halali vizuri tangu mwaka juzi, kwa sababu ya goti. Usiku hajausikia hata mara moja."

Swalha aliandika katika daftari: *mlango, goti, miaka miwili.*

Hapo ndipo Haidar alipotambua kwamba kila tusi lilikuwa ushahidi wa upande wake. Alisogea karibu na bibi, akamuuliza jambo jingine kwa unyenyekevu.

"Anasema mimi ni mbwa," alitafsiri kwa furaha.

"Hakusema mbwa," alisema Melania. "Amesema mvivu."

"Usiongeze," Swalha alimwambia.

Mke wa pili, Dainess, alikaa juu ya baraza moja ndefu ya maduka, zile nyumba ambazo ghorofa zake hutokeza juu ya njia ya miguu na kusimama kwenye nguzo. Haidar alianza kumweleza Ami kuhusu nguzo.

"Umekuja kuoa au kuuza?" Ami aliuliza.

Ndani, Swalha hakumhoji mtu. "Washa taa ya jikoni," alimwambia Haidar.

Haidar alipapasa ukuta wa kulia, kisha wa kushoto. Alibonyeza kitu, kengele ya mlangoni ikalia. Alivuta kamba, feni ikaanza kuzunguka. Dainess alikaa kwenye kiti na kumtazama.

"Miezi kumi na minne ya ndoa," alisema. "Swichi iko nje, mume wangu, nyuma ya mlango wa choo."

Ami Mwadini alikohoa kwa muda.

Mke wa tatu, Clementina, alikuwa ameshahamia Mwanza tangu Juni. Jirani yake wa chini alishangaa kumwona Haidar. Kwa jinsi alivyoadimika, alidhani mume yule yuko jela.

Swalha alifunga daftari.

"Hukuwagusa. Hilo nimelithibitisha."

"Alhamdulillahi," alisema Haidar. "Basi Ijumaa..."

"Sijamaliza. Jumapili ulikaa mbele yangu saa mbili nzima ukinieleza habari za boriti. Ungenieleza na hili, ningecheka. Ulinificha, na mtu anayeficha kasoro ya mkoba namrudishia mzigo wote. Kesho utawaambia wenye nyumba ukweli, wote wakiwepo. Usipokwenda, Ami apande ndege yake."

"Watawafukuza Melania na Dainess."

"Wakiwafukuza, watalala chumbani kwangu mpaka uwapatie nyumba nyingine kwa majina yao wenyewe. Wewe si dalali?"

Jioni hiyo aliwapigia simu Melania na Dainess kuwaeleza. Dainess alikubali. Melania alisema atakuja mwenyewe, asije akaachwa kwa tafsiri mbovu.

Alhamisi, saa nane mchana, wanawake wanne wenye nyumba walikuwa mezani kwa Mama Liang. Haidar alisimama mbele yao akasema yote. Vigae viliacha kugongana. Shingo yake ilikuwa imelowa jasho, na Swalha aliliona hilo pia.

Mwenye nyumba wa Melania alizungumza kwanza.

"Anasema nini?" Swalha aliuliza.

"Ananipongeza," alisema Melania taratibu. "Anasema mwaka mzima alikuwa akitafuta namna ya kunishauri nimwache. Nikae tu. Tatizo lilikuwa mume."

Wa Dainess alisema hivyohivyo, kwa maneno machache zaidi. Wa Clementina aliomba mchezo uendelee. Mama Liang alimtazama Swalha, akauliza jambo.

"Anauliza kama una uhakika na huyu," alisema Melania.

"Mwambie nimekagua."

Mama Liang alitoa funguo mfukoni, akaziweka mezani katikati ya vigae. Sharti lake lilikuwa moja: mume alale nyumbani.

Ijumaa msikitini, baada ya sala, imamu wa Kichina alimuuliza bwana harusi kama ana wake wengine. Haidar alifungua kinywa ili atafsiri.

"Asitafsiri yeye," alisema Ami Mwadini.

Mwanafunzi wa Unguja aitwaye Dullah alitafsiri swali.

"Sina," alisema Haidar.

Imamu aliwageukia waliohudhuria.

"Hana," alisema Ami. "Tumekwenda kuhesabu."

Alimshika Haidar mkono, akamwozesha. Haidar alikubali kabla sentensi haijaisha, ikabidi irudiwe. Mashahidi wawili walitia saini. Saa nane na dakika tano cheti kilipelekwa chumba cha wanawake. Swalha alikisoma pande zote mbili, akarekebisha tarehe iliyokosewa, akatia saini yake.