Mtani wa Uongo

"Toa kidole hapo, nasoma!"

Zamoyoni hakumtazama hata aliyemfokea. Nje ya stesheni ya Shinyanga, kwenye kibanda cha Pantaleo muuza magazeti, watu walisukumana mbele ya tangazo la mikusanyo ya katuni itakayokuja na treni baada ya miezi mitatu. Pantaleo aliagiza nakala chache tu. Usipochagua mapema, utaazima za wenzio zilizokwisha chanika. Mwaka ule wa 1979 nani alikuwa na subira hiyo? Zamoyoni, gauni la maua, mkono kiunoni, alikuwa hajaamua: *Mpelelezi Magwanda*, au *Bi Kiburi*?

"Chukua *Bi Kiburi*," alisema yule aliyemfokea, kijana wa suruali pana. "Mnafanana."

"Nani kakuuliza, we Msukuma? Kale michembe yako, viazi vikavu!"

"Mzaramo huyo! Kusoma unajua, au unaangalia picha tu?"

Watu wakacheka. Wasukuma na Wazaramo ni watani. Wanatukanana watakavyo, na mwenye kununa ndiye mwenye makosa. Kijana yule, Gregory, karani wa kinu cha pamba, alikiongea Kisukuma kama maji. Alipoitwa Msukuma hakukataa. Hapo ndipo alipoharibu, mpumbavu yule!

Zamoyoni akaagiza *Magwanda*, makusudi. Gregory naye akaagiza hiyo hiyo, ili apate la kuongea naye. Wakaongea, wakapendana. Gregory akawa anakwenda kwa kina Zamoyoni, mtaa wa Ngokolo, anafunua chungu cha Mama Mwaisha, mama yake Zamoyoni, na kujipakulia.

"Wewe kizee, hujafa tu?" ndiyo salamu yake.

"Nitakuzika wewe kwanza, mla michembe!" mama alijibu, akicheka mpaka machozi. Shikamoo hakupewa hata moja, wala hakuidai. Mtani wake huyo.

Kisha ikaja simu. Zamoyoni alikuwa kazini, kwenye mitambo ya simu ya posta, na kutoka Geita akapiga Klara, dada yake Gregory, akitaka kaka yake aitwe.

"Wifi, punguza sauti! Nyie Wasukuma mnaongea na simu kama mnaita ng'ombe."

"Wasukuma? Sisi Wazinza, dada. Nani kakwambia Wasukuma?"

Zamoyoni aliinuka kitini. Mzinza! Mzinza na Mzaramo wana utani gani? Hawana! Basi yale yote aliyomwambia mama yake, tena mbele ya majirani, yalikuwa matusi. Matusi matupu!

Jioni Gregory akapiga.

"Mpenzi wangu..."

"Mpenzi wa nani? Umemwita mama yangu kizee, ukamuulizia kifo! Kwa kibali cha nani?"

"Zamo, sikiliza..."

"Kamtukane mama yako!" Akachomoa waya.

Treni ilipoleta katuni, wakakutana tena kwa Pantaleo. Gregory alimsogelea. Zamoyoni alimpokonya *Magwanda* na kumpiga nayo kifuani.

"Haya, tukana! Hakuna utani leo. Tukana tuone!"

"Siwezi."

"Ulikuwa unaweza!"

"Niliogopa. Ningesema mimi Mzinza, ungegeuka uende zako. Utani wako nilipewa bure, nikaung'ang'ania."

"Na mama yangu je? Yeye alikukosea nini?"

Gregory aliinamisha uso.

"Nakupenda, Zamo. Nataka kukuoa. Hilo nalisema bila utani."

"Usinieleze mimi. Kamweleze uliyemtukana. Tangulia!"

Alimfuata nyuma hadi Ngokolo, amefura. Mama Mwaisha alikuwa uani akipepeta mchele.

"Umekuja, mla michembe? Chungu kitupu leo!"

Gregory akapiga magoti mavumbini. "Shikamoo, mama."

Ungo ukasimama. "Zamoyoni, huyu kafiwa?"

"Mwache aseme mwenyewe."

Akasema yote: Uzinza wake, uongo wake, na ndoa anayoitaka. Kadiri alivyosema, uso wa mama ulikunjamana. Alipomaliza, mama aliweka ungo chini.

"Miezi yote hii," alisema, "nacheka na majirani, kumbe natukanwa na mtoto wa watu. Rudia hiyo shikamoo."

"Shikamoo, mama."

"Sijasikia."

"Shikamoo, mama!"

"Tena. Wasikie na wale waliokuwa wanacheka nasi."

Akaamkia mpaka majirani wakatoka milangoni, mpaka sauti ikamkauka. Zamoyoni bado alikuwa amenuna, hakumtazama. Lakini mama alipoitika "Marahaba" hatimaye, Zamoyoni aliingia ndani, akatoka na kiti, akakiweka karibu na Gregory.

"Kaa," alisema. "Mzinza wewe."