Rula ya Kujikunia

Kila asubuhi dobi alichemsha maji, akaloweka nguo nyeupe kando na za rangi kando, kisha akawasha mkaa wa pasi. Mtaa mzima ulimjua. Shati likipita mikononi mwake, hata inzi aliona haya kutua juu yake.

Chumba cha mbele kilikuwa cha mumewe, fundi cherehani. Zamani cherehani ililia kutwa. Siku hizi ililia kidogo, ikanyamaza, kisha rula ya mbao ikasikika ikimkuna fundi mgongoni. Krwa, krwa, krwa.

"Baba, hiyo rula ni ya nguo," binti yao alimtania. "Iko siku utamshonea mteja gauni kwa vipimo vya mgongo wako!"

Fundi alicheka kidogo tu. Figo zake zilikuwa zimechoka, na kila wiki alikwenda hospitali kusafishwa damu kwa mashine. Alikuwa ameambiwa kwamba ugonjwa wa figo unaweza kuleta muwasho. Basi kila alipowashwa alisema, "Ni figo hizi," na hakuna aliyeuliza zaidi.

Muwasho ukazidi, hasa usiku. Aliacha chakula hiki, akaacha kile, wapi! Mwishowe akamwita mkewe.

"Mama, mashine ndiyo inayoniwasha. Leo nakwenda kuwaaga kule hospitali. Sirudi tena."

Pasi ikabaki hewani mkononi mwa dobi. Daktari alikwisha kuwaeleza wazi: bila mashine, fundi hataishi muda mrefu.

"Usiseme hivyo, baba. Unataka kutuacha?"

"Nimechoka. Silali. Mwili wote moto."

Dobi hakubishana. Alivaa viatu, akafuatana naye.

Kulikuwa na jambo ambalo hakulisema. Yeye pia alikuwa akiwashwa, na binti pia. Lakini utajikunaje mbele ya mgonjwa? Waliona ni kama kumdhihaki. Basi mama alijikunia nyuma ya nguo alizoanika, na binti alijikunia bafuni.

Hospitalini, muuguzi wa mashine alimkaribisha fundi kama kawaida.

"Sista, nimekuja kuaga," fundi alisema.

"Unahamia wapi, mzee?"

"Popote pasipo na mashine. Inaniwasha."

Muuguzi hakumgombeza. Alivaa glavu, akaomba kuona mikono yake. Katikati ya vidole aliona vipele vidogo na vistari vyembamba. Akatazama na kiunoni, vilikuwapo. Wakati huo dobi akashindwa kuvumilia, akajikuna kifundo cha mkono.

"Na wewe mama, una ugonjwa wa figo?"

"Hapana, sista!"

"Mbona unajikuna?"

Dobi akainamisha kichwa. "Nawashwa. Na binti yetu pia."

Fundi akamtolea macho. "Kumbe! Mbona hukuniambia?"

"Niliogopa utaona tunakuigiza."

Muuguzi alicheka, akaenda kumwita daktari. Daktari akapima, akasema ni upele, akaandika dawa. Muuguzi akabaki kuwaeleza.

"Upele huletwa na wadudu wadogo sana. Wanachimba ngozi na kutaga mayai ndani yake. Mzee, mashine haina kosa. Muwasho wa figo hauambukizi. Mkiona nyumba nzima inajikuna, semeni mapema."

"Upele kwangu mimi, dobi?" Aibu ilimshika.

"Mama, upele hauchagui msafi wala mchafu. Unapita ngozi kwa ngozi, na kwenye shuka na nguo mnazochangia. Ila mgonjwa wa figo kinga yake ni dhaifu. Wadudu wanaweza kumzidi. Na akijichubua, vijidudu vingine vinaingia kwenye damu."

"Tufanye nini?"

"Wote watatu mpake dawa siku moja, hata kama mmoja hawashwi. Toka shingoni hadi nyayo, katikati ya vidole na chini ya kucha. Mlale nayo, asubuhi muoge. Baada ya wiki mrudie. Msiongeze dawa ya dukani bila kutuuliza, figo za mzee hazivumilii kila kitu. Muwasho unaweza kubaki wiki kadhaa hata wadudu wakifa. Msikate tamaa."

"Na mashuka?"

"Maji ya moto, jua kali, pasi."

Dobi akainua kichwa. "Hapo, sista, umefika kwangu!"

Fundi akanyoosha mkono. "Haya, niunganishe na mashine. Safari nimeahirisha."

Usiku huo walipaka dawa wote. Kulipokucha, dobi alichemsha mashuka, taulo na nguo zote walizovaa siku zile. Blanketi lisilofulika alilifunga kwenye mfuko wa plastiki kwa wiki nzima ili wadudu wafe humo. Wiki ilipokwisha wakapaka tena. Muwasho uliondoka polepole, na usingizi ukamrudia fundi.

Asubuhi moja dobi alisikia cherehani ikilia mfululizo. Alisubiri ile krwa, krwa. Haikuja. Akachungulia.

"Rula yako imepotea?"

"Iko kazini," fundi alijibu. Rula ilikuwa mezani, juu ya kitambaa cha buluu. "Namshonea sista gauni. Nikienda kwenye mashine leo nitampelekea."

Binti akadakia, "Na vipimo, baba? Si vya mgongo wako?"

Wote wakaangua kicheko. Lakini dobi alikuwa amesikia neno moja tu: nikienda. Machozi ya furaha yakamtoka.

"Asante Mungu. Asante sista," alisema. "Lete gauni hilo, baba, nilipige pasi."