Santuri Juu ya Turubai la Kahawa

"Nani ameanika santuri za mama juani?"

Edith alikuwa hajamaliza kushuka kwenye bodaboda. Benitha akatoka jikoni mbio, mikono imejaa utomvu wa ndizi alizokuwa akimenya.

"Karibu, mwanangu! Ni mimi. Zilikuwa zimelala darini juu ya jiko, zimeshika masizi. Nikaziosha kwa maji ya uvuguvugu, nikazianika pamoja na kahawa zikauke."

Kwani pale Isingiro, chochote chenye unyevu si huenda kwenye turubai? Kahawa, maharage, magodoro, hata Biblia iliyonyeshewa. Benitha alizipanga santuri saba kwa upendo, moja moja, akafukuza na kuku.

Edith akainua moja. Ilikuwa imejikunja kama jani la mgomba lililopitishwa motoni. Akainua ya pili, ya tatu. Alipofika ya sita, yenye karatasi ya bluu katikati, akakaa chini palepale juu ya kahawa.

"Hii ni ya kwaya. Mama anaimba humu. Ndiyo sauti yake pekee iliyobaki duniani."

"Mungu wangu! Mimi sikujua, waitu, mwanangu mpenzi."

"Hukujua? Baba amenipigia wiki nzima, 'Edith, njoo useme kama unaridhia nimwoe Benitha.' Nami njiani nimejisemea, nitaridhia. Kumbe umeshaanza kumfuta mama kabla hujapewa ufunguo!"

"Edith, usiseme hivyo. Ningemwonea wivu marehemu kwa kipi?"

Mzee Dastan akatoka migombani na kisu chake cha kupogolea. Alikuwa mgane mwaka wa sita. Benitha naye, Mama Mwesiga, mjane wa Igurwa, ndiye aliyemrudishia hamu ya kuchana nywele. Akaitazama santuri. Akaupitisha mkono taratibu pembeni mwake, kama anayepapasa shavu la mtu.

"Baba Edith, nigombeze," Benitha akamwambia. "Usininyamazie."

"Nenda nyumbani kwanza, Mama Mwesiga."

Maneno yale yalimchoma kuliko matusi. Akanawa utomvu kwa mafuta ya taa, akavua kanga ya jikoni, akaikunja vizuri. Simu ya Dastan ikalia juu ya kigoda. Ujumbe wa Elick, fundi redio wa Murongo:

"Shikamoo mzee. Mashine za santuri zimevuka mpaka leo. Ile nyekundu ya sanduku uliyoichagua kwenye picha, na nyeusi moja. Njoo na santuri, uchague kwa sikio, usichague kwa macho."

Dastan akausoma kwa sauti, kisha akasema, "Basi, auze zote. Nitasikiliza nini?"

"Nipe hiyo ya kwaya," Benitha akasema.

"Ukaimalizie wapi?" Edith akafoka.

"Murongo. Ikishindikana, nitairudisha hapa, na mimi mwenyewe hamtaniona tena."

 Dastan akaifunga santuri katika kitenge, akampa.

Kwa Elick palinukia risasi ya kuchomea waya. Kijana akaisogeza santuri usawa wa macho, akaizungusha.

"Mama, hii umeikaanga?"

"Nimeianika na kahawa."

"Duh! Haya, tuijaribu kwa nyekundu, ndiyo anayoitaka mzee."

Nyekundu ilikuwa nzuri, jamani: sanduku dogo la ngozi, vishikizo vya dhahabu, spika ndani yake. Sindano ikashuka. Ikakwaruza, ikafika penye mkunjo, ikaruka. Ikashuka tena, ikaruka.

"Itoe!" Benitha akapiga kelele. "Inamkwangua mwenzangu!"

"Ndiyo ubaya wake. Mkono wa plastiki, mzito, hauna mahali pa kurekebisha. Watu huinunua kwa urembo, baada ya mwaka santuri zimelika."

"Na hiyo nyeusi isiyo na sura?"

"Hii haina spika, utaiunganisha nyuma ya redio kubwa ya mzee. Kikuza sauti kimo ndani, haihitaji kingine. Ila ona huku nyuma ya mkono: uzito wa kuzungusha. Unapima sindano iguse kama inzi anavyotua. Na sindano ikichoka unabadilisha sindano tu, hutupi mashine."

"Ni ghali sana?"

"Zinakaribiana, na mzee ameshalipa. Kwa anayeanza upya, mimi ningempa baba yangu hii."

Elick akaupima mkono, akajaribu, akaupima tena. Benitha akafumba macho. Sindano ikatua. Ikapanda mkunjo kama baiskeli kwenye tuta, ikashuka upande wa pili, ikapanda tena. Haikuruka. Kwaya ikasikika, na katikati yake sauti ya mwanamke mmoja, nyembamba, safi, inayotangulia wengine.

Benitha akapiga simu.

"Baba Edith, usiseme kitu. Sikiliza."

Akaisogeza simu kwenye spika ya kujaribia. Wimbo ukafika ubeti wa pili.

"Ni yeye," Dastan akasema. Kisha wakasikia mtu akilia, na hakuwa Dastan.

"Mama Mwesiga?" Ni Edith. "Hiyo sauti ya juu, ndiye?"

"Sikuwahi kumwona, mwanangu. Lakini baba yako amesema ndiye. Inayumba kidogo kila inapozunguka, hilo ni kosa langu. Sita zingine nimeziua, na hilo pia ni langu. Naomba unisamehe."



"Nilikuwa na miaka minne mashine yetu ilipokufa," Edith akasema. "Nilishasahau kama mama alikuwa na sauti hivi ujanani. Miaka yote imekaa darini, hakuna aliyeishusha. Wewe umeishusha."

"Basi msiichukue nyekundu," Benitha akasema huku akilia na kucheka. "Nitawaletea nyeusi. Haina sura, ila ina adabu."

"Rudi," Dastan akaingilia. "Nimekwambia uende nyumbani. Nyumbani ni hapa. Ndizi zako Edith amemalizia kumenya, vibaya vibaya."

Jumapili iliyofuata mchungaji akasoma tangazo la kwanza: Dastan wa Isingiro na Benitha wa Igurwa. "Mwenye pingamizi na aseme."

Edith akasimama. Kanisa zima likageuka. Benitha akashika benchi.

"Mchungaji, mimi ninalo."

"Sema, binti."

"Matangazo matatu ni mengi. Baba ana miaka sitini na nane. Ninaomba yasomwe yote leo."

Kicheko kikapasua kanisa, vigelegele vikafuata kutoka safu za kina mama. Mchungaji akafuta miwani yake.

"Pingamizi limesikika, ila utaratibu ni utaratibu. Jumapili mbili tu, Edith. Vumilia."

Dastan akamwinamia Benitha. "Unaona? Ameshaanza kutuharakisha."

 Benitha alikuwa akisema asante, asante, na mwenyewe hakujua anamshukuru nani kwanza: Mungu, Edith, au yule mwanamke wa sauti nyembamba aliyemtangulia katika nyumba ile.