Beji ya Mulinge

Nzi hawakutaka kuondoka kwenye koti. Syokau alilifua asubuhi, akalianika kwenye seng'enge nyuma ya nyumba yao ya mawe huko Kitengela, na kabla halijakauka, nzi saba walikuwa wametua kwenye bega la kulia, wote juu ya beji yenye kichwa cha nyati. Aliwafukuza kwa leso. Wakarudi palepale.

Ilikuwa mwaka wa 1999, na mumewe, Maweu, alikuwa amestaafu jeshini. Wastaafu wa kikosi chake walikuwa na majivuno yao: beji ya bega haiuzwi, haiazimwi, na mwenyewe akifa huzikwa nayo. Ya Maweu ililiwa na panya. Basi mwenzao Mulinge alipofariki, Maweu akapewa kazi ya kumvalisha pale mochari, aliibandua beji ya marehemu, akalifunika bega kwa shuka, akarudi nayo nyumbani mfukoni, akaishona kwenye koti lake. Kumwibia maiti, eti kwa ajili ya heshima!

Siku ya tatu nyumba ilinuka kama panya aliyefia darini. Maweu sasa alilala na koti. Syokau alipoigusa beji aliikuta ina joto na utelezi kama ulimi, na chini yake usaha wa kijani ulikuwa ukichuruzika hadi kwenye kiwiko.

"Baba Nthambi, toa hiyo kitu," alinong'ona. "Nyuzi zimeingia kwa ngozi."

"Na Jumamosi tukikutana wastaafu nitavaa nini? Nikae hapo kama raia?"

Syokau akamwita mganga, bibi mmoja aitwaye Wayua. Alifika mlangoni, akaziba pua, akakataa kiti.

"Huyo pepo wa marehemu anataka kitu yake tu," alisema kwa sauti ya chini. "Uitoe na mkono yako, mbele ya wenzako, useme ni ya nani. Ukikataa, atahamia kwako kabisa."

"Niseme niliibia marehemu? Afadhali nioze."

Usaha Syokau angeuvumilia. Alikuwa ameuguza watu. Kilichomtapisha ni kiburi hicho.

Jumamosi wastaafu walikutana Kajiado, kwa mzee Lemayian, aliyekuwa sajini wao. Desturi yao ilikuwa kuita majina ya kikosi kizima: aliye hai huitika, na jina la marehemu likiitwa wote hunyamaza, kisha husimama wakapiga saluti.

"Mulinge!"

Wakanyamaza, na katika kimya hicho, huku jua likiwaka na chai ikipoa mikononi mwa wake zao, na ule uvundo ukitambaa kutoka kiti hadi kiti mpaka wazee wakaanza kutazamana, sauti yenye majimaji ikatoka chini ya ukosi wa Maweu.

"Niko, afande."

Kikombe kikaanguka.

"Sema, baba Nthambi," Syokau alisihi. "Sema tu ni yake."

Maweu akaifunika beji kwa kiganja cha kushoto. "Ni yangu," alisema.

Lemayian akaiinua tena orodha. Askari mzee hajui kuacha orodha katikati, akasoma jina lililofuata.

"Maweu!"

Maweu akafungua kinywa. Ulimi wake mweusi ulihangaika, sauti haikutoka. Akaitwa mara ya pili, na ya tatu. Kimya.

Wazee wakasimama mmoja mmoja, kama desturi yao, wakampigia saluti. Syokau akamwona mumewe akibubujikwa na machozi, akijaribu kwa nguvu zote kuushikilia mkono wake wa kulia, nao ukapanda polepole hadi kwenye paji la uso, ukaipokea saluti ile.