Namba za Bonde la Laurel

Kila siku saa kumi, baada ya masomo, Opal Stidham alifanya kazi zake za shule ndani ya pikapu ya bibi yake, nje ya maktaba ya mji. Magari sita au saba yalijipanga pale, kila moja na mtoto aliyeinamia kompyuta, kwa sababu intaneti ya maktaba ilipenya ukutani ikafika hadi kwenye maegesho. Nyumbani kwao, Bonde la Laurel, waya wa simu ulikuwa mkongwe kuliko Bibi Verna mwenyewe. Mvua ikinyesha, intaneti ilikufa kabisa.

"Kula kwanza," Bibi alisema, akimpa mkate wa mahindi uliofungwa kwenye kitambaa. "Hesabu haziingii tumbo likiwa tupu."

Wiki ile Opal alikuwa na kazi kubwa. Kaunti ilikuwa na ramani ya mahali penye intaneti nzuri na mahali pasipo nayo. Bonde la Laurel lilikuwa limepakwa rangi ya buluu, yaani eti watu wake wana intaneti ya kasi! Ramani ikibaki hivyo, waya mpya wa intaneti ambao kaunti ilipanga kuuvuta ungepita barabara kuu na kuliacha bonde. Njia ya kuisahihisha ilikuwa moja: kila nyumba ipimwe kasi, na namba zitumwe kabla ya Ijumaa mchana. Mwalimu Pruitt alimkabidhi Opal nyumba tisa za bonde lao.

Alianza kwa jirani, Mzee Harlan. Walikaa kibarazani wakitazama kiduara kikizunguka kwenye kompyuta, kikizunguka tu.

"Mjukuu wangu," Mzee Harlan alisema, "niliwahi kufuga kobe mwenye haraka kuliko hicho."

Baada ya dakika ishirini namba ya kasi ilitokea: megabiti moja tu. Opal aliona aibu. Shuleni, anayepata moja amefeli. Tena zilibaki nyumba nane, mlima na matope.

Kesho yake, Bibi alipoingia maktaba kurudisha vitabu, Opal alipima kasi palepale ndani ya pikapu. Mia moja na ishirini! Akaandika anwani ya Mzee Harlan. Akapima tena, akaandika ya nyumba inayofuata. Kwa robo saa nyumba zote tisa zilikwisha, na akazituma kwa mwalimu.

Alhamisi asubuhi Mwalimu Pruitt alisoma matokeo. "Bonde la Laurel, mia moja na ishirini."

Darasa liliangua kicheko. "Opal, kumbe kwenu ni mjini!" Dewey alipaza sauti kutoka nyuma. "Jumamosi tunakuja kutazama filamu!"

Mwalimu hakucheka. "Kama ni hivyo, kaunti haina sababu ya kuwaletea waya."

Opal aliikumbuka mikono ya Bibi, yenye baridi yabisi, iking'ang'ania usukani kila siku kwenye barabara ya utelezi.

Jioni, ndani ya pikapu, alisema, "Bibi, nimeharibu." Akaeleza yote.

Bibi alimgeukia. "Zote tisa?"

"Zote."

"Hata ya kwetu?"

"Hata ya kwetu, Bibi."

Bibi aligeuza gari. Walipofika shuleni alisema, "Shuka ukamwambie mwalimu. Mimi nakungoja hapa."

Mwalimu Pruitt alimsikiliza hadi mwisho. "Umefanya vyema kurudi," alisema. "Nitaziondoa hizo. Niletee za kweli kesho asubuhi, na kila mwenye nyumba atie sahihi."

Mzee Harlan aliposikia habari alipiga paja. "Mia na ishirini! Kumbe mimi ni tajiri na hamkuniambia?"

"Nisamehe, Babu Harlan."

"Nimeshakusamehe. Haya, fungua hiyo kompyuta." Kisha akawapigia simu majirani: "Mwekeeni mtoto kiti. Anakuja na kobe wake."

Opal alipanda mlima, nyumba hadi nyumba, akikiri kosa lake kila mlangoni na kungoja kiduara. Moja. Mbili. Moja na nusu. Nyumba ya juu kabisa haikupata kitu, akaandika sifuri. Ya mwisho ilikuwa ya kwao: moja. Asubuhi alimkabidhi mwalimu karatasi yenye sahihi tisa na matope pembeni.

Majira ya kuchipua ramani ilibadilishwa. Vuli ilipofika, mafundi walivuta waya mpya hadi nyumba ya juu kabisa. Jioni hiyo Opal alifanya hesabu zake kwenye meza ya jikoni, maharage yakitokota.

Bibi alisimama nyuma yake, akatazama jinsi kurasa zinavyofunguka. "Umeona, mjukuu wangu? Mficha maradhi, kifo humuumbua. Namba zetu hazikuwa za kujivunia, lakini zilikuwa za kweli, na ndizo zilizotuletea huu waya."

"Nimeona, Bibi."

"Basi kula kwanza."

Safari hii mkate wa mahindi ulikuwa kwenye sahani, ungali moto.